Tonge la Haku: jinsi ya kutazama chakula kwenye anime, kisha kukipika nyumbani

Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka tisa, ndiye aliyenifanya niandike mwongozo huu. Tulikuwa sebuleni Tanga tunatazama Spirited Away, katuni ya Kijapani, tumefika pale binti mdogo Chihiro amechutama bustanini, ameshika tonge la wali kwa mikono miwili, anakula huku machozi yanamdondoka makubwa kama zabibu.

"Shangazi, chakula chao kibaya?"

Nikamwambia hapana, kitamu.

"Sasa analia nini?"

Filamu haisemi. Jibu limo ndani ya lile tonge, na mtazamaji wa Kijapani hulipata bila kuelezwa, kama vile sisi tunavyojua, mtu akisusa chakula, kwamba ugomvi bado haujaisha. Kwa hiyo hapa nitaeleza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kukisoma chakula kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, na namna ya kukipika. Nimeona kwamba moja bila jingine halikai. Unahitaji jioni mbili, sufuria yenye mfuniko unaobana, vikombe viwili vya mchele na filamu moja.

Hatua ya 1: Chagua filamu moja, uitazame mara mbili

Anza na Spirited Away ya Hayao Miyazaki, iliyotolewa na Studio Ghibli mwaka 2001 na kupata Oscar mwaka 2003. Kama nyumbani kuna watoto wadogo wanaoogopa mazimwi, anza na My Neighbor Totoro ya 1988. Zile anime za mashindano ya mapishi, kama Food Wars, ziache kwanza. Zinapendeza, ila humo chakula ni silaha ya kumshinda mwenzio, na ukianzia huko utakosa yale yanayosemwa kwa sauti ya chini.

Mara ya kwanza tazama kwa ajili ya hadithi tu. Mara ya pili kaa na daftari, na kila chakula kinapotokea simamisha picha.

Kuna sababu ya kuchukua taabu hiyo. Kwenye filamu ya waigizaji, mtu anakula na kamera inanasa. Kwenye anime hakuna kitu mpaka kichorwe. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, maana yake michoro minane hadi kumi na miwili kwa sekunde moja ya mwendo. Kiini cha yai kinachotikisika, mvuke unaopanda, shavu linalovimba kwa tonge: yupo mtu aliyeketi akavichora. Kwa hiyo Howl's Moving Castle (2004) inapokaa muda mrefu kwenye kikaango cha nyama na mayai, tazama pia meza. Ilikuwa imefunikwa na vitabu na vyombo, na sasa inasukumwasukumwa ipatikane nafasi ya watu watatu: mchawi, mtoto na bibi kizee aliyeingia usiku uliopita bila kualikwa. Hata moto uliopikia, ambao humo ni kiumbe hai, unapewa maganda ya mayai ule. Hapo ndipo nyumba ile inapoanza kuwa nyumba.

Hatua ya 2: Uliza nani amepika, nani anakula, na nani amemkaribisha

Andika majibu ya kila chakula. Nitafuata Spirited Away kuanzia mwanzo, maana sijaona filamu nyingine inayojibu maswali haya kwa ukamilifu kama hiyo.

Chakula cha kwanza hakina mwenyewe. Wazazi wa Chihiro, wakiwa wamepotea njia na kuingia naye ulimwengu wa miungu bila kujua, wanakuta kibanda kimejaa nyama na maandazi ya mvuke, hakuna mpishi wala mwenye duka. Wanakaa wanakula. Baba anamtuliza binti yake kwamba asijali, kadi ya benki anayo na fedha taslimu anazo. Wanageuka nguruwe. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hapa: hupiti penye watu wanaokula bila kuambiwa karibu, na huli kabla hujaambiwa. Baba yule alidhani fedha inatosha kuwa karibu.

Chakula cha pili ni kidogo mno, kama tunda la mwituni. Chihiro ameanza kufifia, mwili wake unapitisha mwanga, na Haku, kijana anayefanya kazi kule, anamlazimisha ameze kile kitu kwa sababu asipokula cha ulimwengu ule atatoweka. Nyuma ya tukio hili kuna kisa cha zamani sana. Katika Kojiki, kitabu cha visa vya kale vya Kijapani kilichokamilishwa mwaka 712, mungu Izanagi anamfuata mkewe Izanami hadi nchi ya wafu akitaka kumrudisha, na mke anamwambia amechelewa, yeye ameshakula chakula cha huko. Ukila cha mahali, umekuwa wa mahali. Ni kama Miyazaki amekichukua kisa hicho akakipindua: mama wa kale alifungwa na mlo, Chihiro anaokolewa nao.

Halafu inakuja kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chihiro hapewi hata hizo mbili. Usiku uleule anaomba kazi kwenye hamamu ya miungu, ananyang'anywa jina lake, anaitwa Sen.

Sasa lile tonge. Asubuhi Haku anampeleka kuwaona wazazi wake bandani, wamelala, hawamjui. Kisha anamketisha bustanini na kumpa onigiri, akimwambia ameitia dawa ya kumrudishia nguvu. Chihiro anasema hana hamu. Anauma kidogo, kisha zaidi, kisha anaangua kilio. Tangu alipoingia mle watu wote walimtaka kitu: afanye kazi, anyamaze, atoke njiani. Huyu ndiye wa kwanza kuona kwamba ana njaa, na kilichopo mkononi mwake ni wali uliokandwa kwa mkono wa mtu. Nilimjibu mtoto hivi: analia kwa sababu sasa yuko salama kidogo, na tumbo ndilo limejua kwanza. Akaridhika. Bado sijapata jibu bora.

Endelea kuandika. Lin, mfanyakazi mwenzake, anakula naye andazi la mvuke kubwa kama uso, wamekaa roshani wakitazama bahari: huo ni urafiki. Kaonashi, yule kivuli mwenye kinyago, anamwaga dhahabu na kumeza kila sahani inayoletwa, mpaka anawameza na watumishi wenyewe, wala hashibi. Chihiro naye ana donge moja chungu la dawa alilopewa na mungu wa mto, alilokuwa akiwawekea wazazi wake. Analigawa. Nusu anamlisha Haku akiwa katika umbo la joka lililojeruhiwa, na kwa ajili ya tukio hilo Miyazaki aliwataka wachoraji wake wafikirie mbwa anayefunguliwa taya ili ameze dawa. Nusu nyingine anampa Kaonashi.

Na usizime kabla ya nyumba ya Zeniba, bibi mchawi. Kaonashi yuleyule aliyemeza hamamu nzima ameketi mezani kwa bibi, anakula keki kwa uma, taratibu, bila kumwaga hata kombo moja. Mdomo ni uleule. Safari hii ameambiwa karibu.

Hatua ya 3: Jifunze maneno mawili ya mezani

La kwanza ni itadakimasu, husemwa kabla ya kula. Asili yake ni kupokea kitu na kukiinua juu ya kichwa, kama mtu anayepokea kutoka kwa mkubwa wake. Tafsiri za Kiingereza huliweka kama "tule" au huliruka kabisa. Kwa sisi linakaa karibu na bismillahi kwa mahali pake, ingawa shukrani yake inamwendea mpishi, mkulima na hata samaki aliyetoa uhai.

La pili ni gochisosama, husemwa ukimaliza. Ndani yake kuna maana ya kukimbia huku na huko: mtu amehangaika kukutafutia hiki. Sikiliza kwenye anime nani analisema na nani halisemi. Mtoto aliyekasirika na mama yake atakula akanyamaza, na mama atasikia ule ukimya.

Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa, wala usipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwa kuwa mifupa ya maiti aliyechomwa huokotwa kwa namna hiyo. Ukiona mhusika anafanya hivyo kisha mezani pakaguswa na baridi, umejua kwa nini. Onigiri haina sheria hizo. Inaliwa kwa mkono.

Hatua ya 4: Pika onigiri

Jina linatokana na kufumbata, kukamata kwa kiganja. Ni chakula cha kale: mwaka 1987, mkoani Ishikawa, wachimbaji wa mambo ya kale walipata donge la wali lililokuwa mkaa, la takriban miaka 2,000 iliyopita. Pokémon ilipotafsiriwa kwa ajili ya watoto wa Marekani, onigiri ziliitwa donati za jemu, wakati pembetatu nyeupe zenye kiraka cheusi ziko wazi mbele ya macho. Huwa nasikitika kila nikikumbuka. Mtoto wa Kiswahili hakuhitaji uongo ule, kwa sababu anajua tonge ni nini.

Mchele. Hapa mpishi wa kwetu lazima asahau alichofundishwa. Tumelelewa kusifiwa wali ukichambuka, punje mbali na punje. Onigiri inataka kinyume: punje fupi, zenye wanga unaonata, zishikane lakini kila moja ionekane. Basmati na pishori ziache kabatini. Mchele wa Kijapani hupatikana kwenye supamaketi kubwa kwa jina la mchele wa sushi, nao ni ghali. Mimi hutumia mchele mpya wa kienyeji wenye punje nene, uliovunwa karibuni, kwa sababu ukikaa sana ghalani unakauka na kukataa kushikana. (Wajapani na mpunga wetu wanajuana tangu zamani: skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, Kilimanjaro, ilijengwa kwa fedha za Japani na kukamilika mwaka 1987.)

Pima vikombe viwili. Maji ya kwanza ya kuoshea yamwage upesi, kwani mchele mkavu hunywa haraka na utabaki na harufu ya pumba. Osha tena mara tatu. Loweka nusu saa, kisha chuja.

Weka sufuriani na maji. Mchele wa Kijapani unataka vikombe viwili na karibu nusu. Wa kwetu unataka vitatu, na ukiwa mkavu ongeza robo. Usitie mafuta, chumvi wala nazi. Chemsha kwa moto mkali, ukishachemka funika na upunguze moto hadi mdogo kabisa, dakika 12 hadi 15. Zima, uache umefunikwa dakika 10 nyingine. Wajapani wana msemo wa jikoni kwamba hata mtoto akilia usifunue mfuniko. Ufuate. Mvuke ndio unaomalizia kazi.

Ugeuze wali kwa mwiko ukikata kwa ubavu wake, usiuponde. Huu si ubwabwa wa mtoto.

Kujaza. Katikati ya onigiri ya kawaida huwekwa umeboshi, tunda la kukausha na chumvi, kali na chachu. Badala yake ipo nyumbani mwako: achari ya ndimu au ya embe, ikatwe ndogondogo na kukamuliwa mafuta. Nimejaribu na ukwaju, ulilowesha wali. Jodari wa kopo na mayonezi si ubunifu wa kujitetea, kwa kuwa Japani yenyewe huuzwa madukani tangu mwaka 1983. Kipande cha nguru kilichopakwa chumvi na kuchomwa, kikachambuliwa miiba yote, ndicho nikipendacho kuliko vyote.

Kukanda. Fanya wakati wali ungali moto kiasi ambacho kiganja kinavumilia. Lowesha viganja, paka chumvi kidogo. Chota wali wa ukubwa wa chungwa dogo, uubonyeze katikati kwa kidole gumba, weka kijiko cha chai cha mboga yako, funika kwa wali. Sasa kiganja cha chini kiwe sakafu na cha juu kikunjwe kama paa la nyumba. Bonyeza, geuza, bonyeza, geuza. Mizunguko mitano inatosha. Nje pawe pamekaza, ndani palegee, tonge likiumwa liporomoke mdomoni. Ukikandamiza kama mfinyanzi utapata jiwe. Pembetatu isipotoka vizuri, fanya duara. Wajapani nao wana za duara.

Ukipata nori, ule mwani mweusi, ufunge wakati wa kula ili usilegee. Ukiukosa, paka ufuta uliokaangwa.

Na hili nalisema kwa uzito: joto letu ni la mwaka mzima. Wali uliokaa nje muda mrefu hutengeneza sumu ambayo kupashwa moto upya hakuiondoi. Ukimfungia mtoto asubuhi, liliwe mapumziko ya saa nne. Lisirudi nyumbani jioni.

Hatua ya 5: Mchuzi wa dagaa

Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda aliichunguza supu ya mwani wa kombu akaupa jina utamu uliokuwamo: umami. Supu hiyo ya msingi, dashi, mara nyingi ni ya mwani na samaki mkavu aliyeparuzwa, lakini kwenye nyumba nyingi hupikwa kwa niboshi, yaani vidagaa vilivyochemshwa na kukaushwa. Mwenye dagaa ndani amefika.

Chukua dagaa kumi na tano wakubwa kidogo, ondoa vichwa na lile tumbo jeusi, maana ndiko kunakotoka uchungu. Loweka kwenye vikombe vinne vya maji nusu saa, pasha polepole, acha vichemke kwa upole dakika kumi ukiengua povu, chuja. Ukiwa na miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, koroga vijiko vitatu vya chakula baada ya kuzima moto, kwa sababu ikichemka harufu yake inapotea. Huna miso? Chumvi, matone ya sosi ya soya na majani machache ya mchicha. Haitakuwa ileile, ila utaelewa kwa nini kwenye anime asubuhi ya nyumba yenye mama huanza na mvuke wa bakuli.

Hatua ya 6: Panga bento, na utazame nani ameamka mapema

Bento ni chakula cha kubeba kilichopangwa kisandukuni, na watu hujitahidi kiwe na rangi tano: nyekundu, njano, kijani, nyeupe na nyeusi. Kwa vitu vya kwetu: nyanya, yai la kukunja, mchicha, wali, na ufuta mweusi au nori.

Kwenye Totoro mama yuko hospitalini. Asubuhi baba amepitiwa na usingizi, na Satsuki, mwanafunzi wa shule ya msingi, tayari yuko jikoni anafunga bento tatu: wali, unga wa samaki wa rangi ya waridi, umeboshi, samaki mdogo mzima. Mdogo wake Mei anafurahia ya kwake. Satsuki halalamiki hata kidogo, na filamu haimsifu. Bento ndiyo inayotuambia kwamba mtoto huyu ameshika nafasi ya mama. Baadaye Mei anapotea njiani akiwa amekumbatia hindi moja la shambani kwa bibi, kwa kuwa ameambiwa mboga za pale zitamponya mama. Ukifika pale hindi linapokutwa dirishani hospitalini, kaa kimya uwaache watoto wajisemee wenyewe.

Totoro ilitoka tarehe 16 Aprili 1988, na siku hiyohiyo, kwenye tiketi ileile, ilitoka Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Hiyo ni ya vita: kaka na dada yatima mwaka 1945, kopo la peremende, na mtoto wa kike anayefinyanga matonge ya udongo akimkaribisha kaka yake ale. Ni tonge lilelile, limekosa wali. Usiwaoneshe wadogo, lakini wewe itazame. Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi yenyewe, alifiwa na dada yake mdogo kwa njaa mwaka huo, na Takahata akiwa mtoto alinusurika mabomu ya Okayama. Takashi Yanase naye aliijua njaa akiwa askari, kisha akamtunga Anpanman, shujaa ambaye kichwa chake ni mkate na humega uso wake kumpa mwenye njaa. Watoto wa Japani wamemtazama kwenye televisheni tangu 1988. Vizazi hivyo ndivyo vilivyowafundisha wachoraji wa leo kwamba wali hauchorwi ovyo.

Hatua ya 7: Ramen, kwa kifupi

Tambi hizi za mchuzi zinatamanisha kwenye Naruto, anime ya kijana yatima, na ukimtazama mwalimu Iruka akimnunulia yatima yule bakuli utajua zinasema nini. Tambi za pakiti, zilizovumbuliwa na Momofuku Ando mwaka 1958, zinatosha kabisa. Hata Ponyo (2008) inatumia hizo: mama anamwaga maji ya moto, anafunika, watoto wanangoja dakika tatu, akifunua kuna yai na vipande vya nyama. Kama unakula halali, soma pakiti, kwani mchuzi wa ramen mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe, na mapishi mengi ya Kijapani hutia mirin au sake, ambazo zina pombe. Mahali pa mirin tia sukari kidogo na tone la siki.

Hatua ya 8: Kula, kisha tazama tena lile tukio

Jioni ya pili, wape walioko nyumbani onigiri kwa mikono yako, mkubwa kwa mdogo. Semeni itadakimasu au bismillahi, au vyote viwili. Halafu rudisha filamu kwenye ile bustani, mtazame mkiwa na matonge mkononi. Kwetu hakuna aliyeuliza tena analia nini.

Chini ya sufuria utakuta ukoko. Wajapani nao wanao, wanauita okoge, na wanaugombania kama sisi. Ubandue ungali na joto, unyunyizie chumvi, umpe yule aliyeosha mchele.